Mjomba Hayumo Daftarini: Kutafuta Koo za Nachingwea na Ruangwa

  

Nimeombwa nizungumzie kumbukumbu za historia na nasaba za wilaya zetu mbili, Nachingwea na Ruangwa. Nianze na jambo la masjala. Ruangwa ilikatwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Anayetafuta habari za babu yake wa Mnacho au Mbekenyera asishangae kuona majalada ya kabla ya hapo yana jina la Nachingwea, na ya zamani zaidi yana jina la Lindi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 178,464 Nachingwea na 131,080 Ruangwa. Wote hao wana bibi mzaa mama. Lakini ukiwauliza mama wa bibi huyo alikuwa nani na alizikwa wapi, wengi watakuelekeza kwa mzee mmoja tu wa ukoo, na mara nyingi mzee huyo ni mgonjwa au ameshatangulia mbele ya haki.

Hatuwezi kusema kwamba karatasi hazipo. Zipo, tena nyingi kuliko tunavyodhani. Tatizo ni kwamba ziliandikwa na watu waliokuwa na haja zao kwetu. Mmoja alitaka kodi, mwingine mpagazi, mwingine muumini, mwingine kibarua. Kila mmoja aliandika kilichomhusu, na karibu wote walimwandika mtu kwa jina la baba. Ilhali koo za Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde zilihesabiwa kwa mama, na msimamizi wa watoto alikuwa mjomba. Mjomba huyo hayumo daftarini. Kazi yangu leo ni kuonyesha jinsi ya kuzisoma karatasi hizo mpaka mjomba aonekane, na nini tuandike wenyewe kabla hatujachelewa.

Vitabu vya serikali

Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Waingereza nao walipokuja waliendelea kutoza, na kila mwenye nyumba au kichwa cha kutozwa ilibidi ajulikane. Nyaraka za Kijerumani zilizobaki nchini zinatunzwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Mahali hapohapo utakuta vitabu vya wilaya vya enzi za Waingereza. Bwana Shauri, yaani afisa wa wilaya, aliagizwa kuandika humo habari za makabila, mila za ndoa na urithi, na orodha za majumbe pamoja na waliowatangulia.

Ukizipata orodha hizo usizimeze nzimanzima. Kwanza, Bwana Shauri aliandika alichoambiwa na mtu aliyekuwa anagombea ujumbe au anautetea. Nasaba iliyosomwa mbele ya serikali ilikuwa hoja ya kesi. Pili, huku kwetu jina hurithiwa. Mtu akifa, mpwa wake anaweza kukalishwa mahali pake na kuitwa kwa jina lake. Ndiyo maana Mataka wa Wayao si mtu mmoja, na Nakaam wa Chitangali vilevile. Ukiona jina la jumbe limetajwa mwaka 1890 na tena mwaka 1930, usiseme aliishi sana. Uliza ni mpwa gani aliyelirithi, kwa sababu kati ya mjomba na mpwa yupo mwanamke: dada wa yule wa kwanza na mama wa yule wa pili. Kitabu hakimtaji, lakini yeye ndiye aliyewaunganisha.

Daftari la kodi nalo lina siri yake. Kwa desturi ya zamani ya koo za mama, kijana aliyeoa alihamia ukweni na kujenga karibu na mama mkwe, angalau kwa miaka ya mwanzo. Karani wa kodi alimkuta huko na kumwandika huko. Kwa hiyo ukimkuta babu yako ameandikwa chini ya jumbe wa Nandagala, usikimbilie kusema kwenu ni Nandagala. Huenda umepata kwao bibi, na kwao babu kuko kwingine kabisa. Familia kadhaa zimegombana kuhusu asili yao wakati pande zote mbili zilikuwa sahihi.

Tukumbuke pia kwamba sheria ya usajili wa vizazi na vifo ya enzi za ukoloni iliwabana Wazungu na Waasia. Mwafrika hakulazimishwa. Kwa hiyo kwa wazee wetu wengi hakuna cheti cha kuzaliwa cha kutafuta. Umri wao utaupata kwa kuuoanisha na matukio.

Vita na majina yaliyopotea

Mwaka 1905 Maji Maji iliingia huku kwa nguvu. Misheni za Wabenedikto za Nyangao na Lukuledi zilichomwa moto. Baada ya vita ikaja njaa, na watu wakatawanyika. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa historia Dar es Salaam waliwahoji wazee waliokuwa bado wanayakumbuka hayo, wakaandika simulizi zao. Baadaye mtafiti Felicitas Becker naye akaketi na wazee wa mikoa hii ya kusini na kuandika jinsi Uislamu ulivyoenea vijijini, na jinsi wakubwa wa Wamwera walivyojipatia wafuasi. Kazi hizo zimejaa habari za vijiji vyetu, na si wengi kati yetu wanaozijua.

Miaka kumi na miwili baada ya Maji Maji, vita vya Wazungu, yaani Vita Kuu ya Kwanza, vikafika mlangoni. Tarehe 10 Oktoba 1917 Waingereza waliiteka Ruponda, ambako jeshi la Kijerumani lilikuwa na ghala lake la chakula. Siku chache baadaye, kuanzia tarehe 15 hadi 18, ikapiganwa vita ya Mahiwa, miongoni mwa mapigano makali kuliko yote ya vita hivyo katika Afrika Mashariki. Chakula cha ghala la Ruponda kilibebwa vichwani mwa watu. Jeshi la Waingereza nalo lilisafiri kwa vichwa vya watu. Vijana wa huku walichukuliwa na pande zote mbili, na wengi hawakurudi.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliofia vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Sehemu kubwa walikuwa wapagazi. Kwa hiyo familia yenye babu aliyechukuliwa akapotea isidhani imeachwa na historia peke yake. Tume ilieleza kwamba makosa hayo yalitokana na uamuzi wa makusudi na ubaguzi, na sasa inatafuta majina. Majina hayo yako katika simulizi za misibani kwetu. Anayeyajua ayaandike: jina, kijiji, aliyemchukua, na habari ya mwisho iliyosikika juu yake.

Vitabu vya dini

Misheni ya Ndanda ilianzishwa mwaka 1906, baada ya Nyangao na Lukuledi kuchomwa, na kutoka huko kazi ya Wabenedikto ikaenea Umwera, Mnero ikiwa miongoni mwa misheni zake. Kwa upande wa Waanglikana, Masasi ilianza mwaka 1876 na watumwa walioachiwa huru. Kumbukumbu nyingi za shirika lililoileta misheni hiyo, UMCA, ziko Oxford, Uingereza. Jimbo Katoliki la Nachingwea liliundwa mwaka 1963, na mwaka 1986 likabadilishwa jina kuwa Jimbo la Lindi. Wanaoandika barua kuomba nakala ya ubatizo wakumbuke hilo, wasije wakaambiwa jimbo hilo halipo.

Kitabu cha ubatizo ni hazina, lakini lazima ujue kukisoma. Safu zake huwa na namba, tarehe, jina la mbatizwa, wazazi, msimamizi na padri. Pembeni huandikwa kipaimara na ndoa, hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Vitabu vya zamani vimeandikwa kwa Kilatini, na majina ni ya watakatifu: Skolastika, Plasidi, Mauri, Kasiani. Hapo ndipo wajukuu wanapokwama. Nyumbani bibi hakuitwa Skolastika. Alikuwa na jina la utotoni, akapata lingine alipotoka unyagoni, na la tatu ndilo la kanisani. Babu naye alitoka jandoni na jina jipya, na akienda kibaruani msimamizi alimpa jina lililomfaa yeye kutamka. Mtu mmoja anaweza kuwa na majina manne katika karatasi nne, na asiyejua hilo atahesabu watu wanne.

Dawa ni moja: usitafute jina peke yake, tafuta kundi. Ukikuta baba, mama, msimamizi na kijiji vinalingana katika vitabu viwili, huyo ni mtu yuleyule hata kama jina limebadilika. Na usiruke safu ya msimamizi. Huyo anaweza kuwa ndugu wa mama, na kama ni hivyo umempata mjomba.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika wilaya zetu, utaratibu ni tofauti. Msikiti haukuwa na kitabu cha waumini kama parokia. Lakini barua, mikataba ya ndoa na hesabu za biashara ziliandikwa kwa Kiswahili chenye herufi za Kiarabu, na masheikh wa tarika waliandika nani alimpa nani ijaza, yaani idhini ya kufundisha. Silsila hiyo, yaani mnyororo wa walimu, ni ya elimu na si ya damu, ila inakuambia mwalimu alitoka wapi, aliwafundisha akina nani na katika miaka gani. Karatasi hizi zimekaa kwenye masanduku ya wajukuu wasioweza kuzisoma. Msizichome. Zipigeni picha, mkamwone mwalimu wa madrasa.

Mji wa waliokuja

Mji wa Nachingwea una jambo ambalo vijiji vingi vya jirani havina: uliota ghafla. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga katika Kongwa, Urambo na huku kusini. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Mapema mwaka 1951 serikali ya London iliuacha, baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Huku kwetu ulituachia uwanja wa ndege, majengo, barabara na reli iliyotoka pwani. Reli ikang'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru, lakini kata ya Stesheni inaendelea kuitwa hivyo.

Mradi ulileta vibarua kutoka kila pembe. Wengine walirudi makwao, wengine walioa hapa na kubaki. Baada ya kufungwa, sehemu ya mashamba ilibaki kwa shirika la kilimo lililoweka wapangaji Waafrika. Baadaye wakaja Wamsumbiji. FRELIMO, chama chao cha ukombozi, ilifungua kambi yake Nachingwea katikati ya miaka ya 1960, Samora Machel akaiongoza, na kutoka hapa akaanza safari ya Mei 1975 iliyomfikisha Maputo kwa uhuru wa tarehe 25 Juni. Wapo wazee Msumbiji ambao Nachingwea ni mahali walipozaliwa, walipofundishwa au walipompoteza ndugu. Mei hiyohiyo wapinzani wa chama hicho, Uria Simango akiwamo, walisimamishwa hapa na kusomeshwa maungamo. Jamaa zao nao wana haki ya kuuliza Nachingwea kulitokea nini.

Kwa hiyo mtu wa Nachingwea anayefuata nasaba yake asishangae njia ikimtoa nje ya wilaya, hata nje ya nchi. Wamakua na Wamakonde wana ndugu pande zote mbili za Ruvuma, na mpaka huo ulichorwa na watu wasioujua ukoo.

Kumtafuta mjomba

Fomu ya leo inataka majina matatu: lako, la baba, la babu mzaa baba. Kitambulisho cha Taifa kinafuata mfumo huo. Sitaki kuulaumu, kwa sababu nchi nzima inahitaji utaratibu mmoja. Ninachosema ni kwamba fomu hiyo inamfuata baba, na ukoo wa kina bibi zetu ulipita kando. Kwa Wamakua mtoto huchukua nihimo ya mama yake. Kwa Wayao kaka mkubwa alisimamia mbumba, yaani dada zake na watoto wao. Dini zote mbili, shule na sheria za urithi zimeusogeza uzito upande wa baba kwa zaidi ya miaka mia moja, na kazi hiyo bado haijaisha. Ndiyo maana kwenye mirathi ya mikorosho mnaona watoto wa marehemu na wapwa zake wakija na hoja mbili, kila upande ukiwa na mila au sheria ya kuutetea.

Kwa hiyo ukimhoji mzee usianze na swali la "Babu yako aliitwa nani?" Utapata orodha ya wanaume na utaridhika mapema. Uliza kuhusu matendo. Nani alimwoza bibi? Nani alipokea mahari? Alipogombana na mumewe alirudi kwa nani? Alipofariki, nani alikaa mbele kwenye matanga? Nani alirithi jina lake? Majibu yatakuletea mjomba, na mjomba atakuletea mama yake.

Kuna swali moja la kuuliza kwa adabu kubwa. Misafara ya watumwa ya kwenda Kilwa ilipita huku kusini, na mashambulizi ya Magwangwara, yaani Wangoni, yaliwatoa watu makwao. Mwanamke aliyetekwa alifika bila kaka na bila mjomba. Watoto wake walihesabiwa kwa ukoo wa mume, kwa kuwa upande wa mama haukuwa na mtu wa kuwadai. Ukiona katika ukoo wa mama tawi moja linalofuata baba bila maelezo, huenda umefika hapo. Mzee akinyamaza, mwache. Na ukijua, usilitangaze msibani wala kwenye kundi la WhatsApp la familia. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nchi yetu imekubali kwamba habari za mtu si mali ya kila mtu. Wazee walijua hilo kabla ya Bunge.

Mahame na makaburi

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wa huku kwa wingi. Nyumba zilibaki mahame, makaburi yakabaki porini, na mikorosho na miembe ikabaki kuonyesha mtu aliishi wapi. Rejesta ya kijiji kipya ilianza kana kwamba watu wamezaliwa siku ile ya kuhamia. Haikuandika kila kaya imetoka wapi.

Pengo hilo sasa linadaiwa. Ruangwa ina madini ya kinywe na Nachingwea ina nikeli ya Ntaka. Mradi ukitwaa ardhi, mthamini anakuja na karatasi yake. Anahesabu mikorosho, anapima nyumba, anauliza makaburi ni ya nani. Sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu 1969. Hapo mtoto anasema kaburi ni la bibi yake, mpwa anasema ni la mjomba wake, na mtendaji wa kijiji anatafuta mtu wa kuthibitisha. Nasaba isiyoandikwa inageuka ugomvi wa fidia. Familia iliyoorodhesha makaburi yake kwa majina na kwa uhusiano, na iliyopeleka nakala ya orodha hiyo ofisi ya kijiji mapema, haitasubiri kuamuliwa na aliyepaza sauti zaidi.

Tuandike nini

Nina mapendekezo matatu, na hayahitaji mfadhili.

La kwanza ni historia ya marehemu. Kila msiba tunasoma karatasi: marehemu alizaliwa lini, wazazi wake, kazi zake, ameacha watoto wangapi. Imeandikwa usiku kwenye daftari la shule, inasomwa mara moja kaburini, halafu inaishia mfukoni mwa msomaji. Tuiongezee mistari minne: mama wa mama yake, mjomba aliyemsimamia, jina lake la jandoni au unyagoni, na kijiji alichotoka kabla ya Operesheni. Kisha nakala moja ibaki kwa familia na nyingine ofisi ya kijiji, na kama ni muumini, nyingine msikitini au parokiani. Hakuna maktaba ya nasaba itakayojaa haraka kuliko hiyo, kwa sababu misiba haitusubiri.

La pili ni kalenda ya matukio ya kila kata. Makarani wa sensa wanaitumia kukadiria umri wa wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa. Sisi tunaweza kuwa na iliyo bora, kwa kuwa tunayajua yetu: kufika kwa matingatinga ya karanga, kimbunga cha Aprili 1952, uhuru wa 1961, kung'olewa kwa reli, Operesheni, vita vya Kagera, mvua za El Nino. Mzee akisema alikuwa anachunga mbuzi wakati matingatinga yanaingia, umepata mwaka wake wa kuzaliwa, ukikosea kwa miaka miwili mitatu tu.

La tatu ni kwa walimu. Mpeni mwanafunzi wa kidato cha pili kazi ya likizo: aandike nasaba ya mama yake vizazi vitatu kwenda juu, aeleze nani alimwambia kila jambo na lini. Sharti hilo la mwisho ndilo linalotenganisha historia na porojo. Atakaporudi na majibu mawili yanayopingana, asifute lolote. Ayaandike yote mawili.

Leo tunaandikwa tena. Bodi ya Korosho inasajili wakulima ili wapate salfa na pembejeo. Wakala wa usajili, RITA, imeleta usajili wa watoto chini ya miaka mitano karibu na wananchi. Chama cha ushirika cha RUNALI kina orodha za wauzaji wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ni vizuri, na wajukuu wetu watazishukuru karatasi hizo. Lakini kila moja itauliza kile tu inachokihitaji, kama alivyofanya karani wa kodi. Hakuna itakayouliza mama wa bibi yako alikuwa nani. Swali hilo limebaki kwetu, na wenye majibu yake wengi wako hai, wako vijijini, na wana nafasi ya kuongea kabla msimu wa korosho haujaanza.  Wazee wakiwa tayari, naomba maswali yaanze kwao.